Kifaranga mmoja kwenye tangi: ametoka wapi, na sasa umfanyeje?

Jioni unawalisha samaki wako kama siku zote. Wakubwa wanagombania chakula juu, na nyuma ya jani kunatikisika kitu. Unasogeza uso hadi kwenye kioo. Ni kama kipande cha uzi chenye macho mawili meusi; kinatulia, kinachomoka, kinatulia tena. Hukukinunua, na hakuna aliyekuletea.

Hapo ndipo mbio zinapoanza. Mtu anamvua kifaranga kwa wavu, anamtia kwenye bakuli la maji safi ya bomba, anamnyunyizia chakula kingi asije akalala njaa, na asubuhi anamkuta amegeuka tumbo juu. Kila hatua ilifanywa kwa huruma, na kila hatua ilichangia kumuua. Wavu ulimchubua, maji ya bomba yalikuwa na klorini, bakuli halikuwa na bakteria wa kuyasafisha, na chakula kilichobaki kilioza usiku kucha. Kumbe tangi alimotolewa ndilo lililokuwa limemlea mpaka akaonekana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwaudhi wenye haraka: saa ya kwanza usifanye lolote ila kutazama. Swali la kila mtu ni "nimlishe nini?", nalo halijibiki kabla ya kujua ni nani, ana umri gani na amekuwa akila nini hadi leo.

Kwanza, je, ni samaki kweli?

Usicheke. Mimea ya majini huingia na wageni wengi. Kiluwiluwi cha mbu hujipinda-pinda kinapoogelea na hupenda kuning'inia kwenye uso wa maji, mkia juu na kichwa chini. Tunutu wa kereng'ende ana miguu sita na hutambaa polepole juu ya majani. Huyo si mgeni wa kufugwa, maana hula vifaranga wa samaki, na akikua hula hata samaki wadogo. Haidra hujishikiza kwenye kioo kama kijiuzi chenye mikono myembamba kichwani, na mikono hiyo ina seli zenye sumu zinazoweza kumnasa kifaranga aliyeanguliwa jana.

Kifaranga wa samaki hujulikana kwa macho. Macho yake ni makubwa kupita kiasi kulinganisha na mwili, na mwili wenyewe mara nyingi unapenyeza mwanga kiasi cha kuona utumbo. Kama amejibandika kwenye kioo na hasogei, anafanana na alama ya mkato. Kama anaogelea, husimama mahali pamoja kisha huruka mbele ghafla.

Ametoka wapi?

Kuna samaki wanaozaa na samaki wanaotaga, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kitakachofuata.

Wanaozaa ni kina gapi, moli, plati na mkia-upanga. Mayai huanguliwa ndani ya tumbo la mama, na mtoto hutoka akiwa samaki kamili, kwa gapi urefu wa milimita 6 hadi 8 hivi, tayari kuogelea na kula siku hiyohiyo. Mimba huchukua takriban wiki 3 hadi 5 kutegemea aina na joto la maji. Wengi hushangaa hapa: "Mbona nina jike peke yake?" Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume ndani ya mwili wake kwa miezi kadhaa na kuzitumia kidogo kidogo. Jike aliyechanganywa na madume kabla hujamnunua anaweza kuzaa kwako mara moja, mbili, tatu, bila kumwona dume tena. Kama una jike wa gapi aliye peke yake tangu mwezi uliopita na leo umemwona mtoto, hakuna muujiza. Muujiza halisi upo kwa ndugu yake mmoja, moli wa Amazon, anayepatikana Texas na Mexico: ni spishi ya majike watupu, wanaohitaji mbegu za dume wa spishi nyingine kuamsha tu mayai, kisha wanazaa mabinti walio nakala zao. Lakini huyo si wa kumkuta kwenye tangi la sebuleni.

Wanaotaga ni kundi kubwa zaidi na lenye mambo mengi. Tetra na danio hutawanya mayai ovyo kwenye majani na changarawe, kisha huyageukia na kuyala. Koridora, wale kambale wadogo wenye ndevu, hubandika mayai kwenye kioo. Beta dume hujenga povu juu ya maji na kuyalinda mayai humo. Samaki wa dhahabu hutaga mayai yanayonata kwenye mimea. Na wapo jamaa wa perege kutoka Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi, ambao mama huatamia mayai na watoto mdomoni kwa takriban wiki tatu huku akila kidogo sana au asile kabisa. Ukimwona jike wa aina hiyo mashavu yamejaa na hagusi chakula, usiharakishe kumtafutia dawa.

Njia ya tatu ni mmea. Yai la samaki linaweza kuwa dogo kuliko kichwa cha sindano, na likinata chini ya jani, linasafiri nalo. Ndiyo maana mara mojamoja mtu hupata kifaranga asiyefanana na samaki yeyote aliye naye. Kabla hujafikia hapo, kumbuka kwamba watoto wengi hawafanani na wazazi. Samaki wa dhahabu huzaliwa wa rangi ya kahawia iliyofifia na hubaki hivyo kwa wiki nyingi, wengine kwa miezi, kabla dhahabu haijatokea. Wapo ambao haitokei kabisa.

Kwa nini yuko mmoja?

Kwa sababu wengine wameliwa. Gapi mmoja mkubwa huzaa makumi ya watoto kwa mkupuo, na danio hutaga mayai mamia. Samaki hawa hawana habari ya ulezi. Kwao kitu chochote kinachotikisika na kuenea mdomoni ni chakula, awe mtoto wake au wa jirani. Uliyemwona ni yule aliyepata mahali pa kujificha: kichaka cha mimea laini ya mosi, upenyo kati ya mawe, mizizi ya mimea inayoelea, au chujio lenyewe. Mimi wangu wa kwanza nilimkuta ndani ya chujio nilipolifungua kuliosha. Alikuwa amevutwa akiwa mdogo, akapita kwenye matundu, akakaa humo gizani akila vijidudu vilivyojaa kwenye sifongo. Alikuwa mnene kuliko nilivyotarajia. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikimwaga yale maji machafu ya chujio bila kuyatazama, na sipendi kufikiria ni wangapi waliokwenda nayo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa uamuzi wako. Kifaranga wa sentimita 1 au zaidi, mwenye mapezi yaliyokamilika, anayeogelea mchana kweupe, hakufika jana. Ameishi humo kwa wiki kadhaa, anajua pa kukimbilia na anajua pa kula. Huyo mwache. Mwongezee mimea, saga chakula kidogo zaidi ili punje nyingine zimfikie, funika mdomo wa chujio kwa sifongo, basi. Kumhamisha ni kumnyang'anya ujuzi uliomfanya aishi.

Uamuzi unabadilika akiwa mchanga. Ukimwona mwenye tumbo lililovimba upande wa chini kama amebeba mfuko, hajaogelea bado, au ameganda kwenye kioo, huyo ameanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Mfuko ule ni kiini cha yai, ndiyo akiba yake ya chakula. Kwenye tangi lenye samaki wakubwa, siku yake ya kwanza ya kuogelea huenda ikawa ya mwisho.

Kumtoa au kumtenga?

Watu wengi hudhani kuna njia mbili tu, kumwacha au kumhamishia tangi jingine. Mimi napenda ya tatu: kumtenga ndani ya tangi lilelile. Kisanduku cha matundu au cha wavu laini kinachoning'inizwa ukutani mwa tangi humkinga na midomo ya wakubwa, lakini maji anayoyapumua ni yaleyale, joto ni lilelile, na bakteria wale wale wanaosafisha uchafu wa wazazi wanasafisha na wake. Kasoro yake ni mbili. Maji huweza kutuama ndani ya kisanduku kama matundu yameziba kwa mabaki ya chakula, na kifaranga wa samaki anayetaga huweza kuwa mwembamba kiasi cha kupita kwenye matundu hayo. Weka kisanduku karibu na mkondo wa chujio, usielekee moja kwa moja, na usugue matundu kila siku mbili.

Ukiamua kumpa tangi lake, basi lianzishe kwa vitu vya tangi la zamani: jaza maji ya humo, na uendeshe chujio la sifongo ambalo limekwisha kukaa kwenye tangi hilo kwa wiki kadhaa. Chujio la sifongo linalosukumwa na pampu ya hewa ndilo bora kwa kazi hii, kwa kuwa halina nguvu ya kumfyonza mtoto na sifongo lenyewe huota vijidudu anavyoweza kuvidonoa. Kina cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha. Maji mengi kwa samaki mdogo wa namna hii yana faida ya usafi, lakini chakula hutawanyika naye akachoka kukitafuta.

Kumchota, usitumie wavu. Zamisha kikombe polepole, mwache aingie pamoja na maji, mhamishe bila kugusa hewa. Kwa walioanguliwa karibuni, bomba la kufyonzea lenye mdomo mpana hufanya kazi vizuri, mradi mkono uwe mtulivu.

Chakula na maji, mahasimu wawili

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kifaranga ana tumbo dogo sana na mwili unaokua haraka, kwa hiyo anahitaji kula kidogo mara nyingi, mara 3 hadi 5 kwa siku. Lakini yupo kwenye maji machache, na kila punje asiyoila inaoza. Ukimlisha vya kutosha unachafua maji. Ukilinda maji unamtia njaa. Kulea kifaranga ni kukaa katikati ya vitu hivyo viwili kwa muda wa wiki sita hivi, na vifo vingi hutokea pale mlezi anapoegemea upande mmoja.

Tuanze na mdomo. Mtoto wa gapi au moli anaweza kula chakula cha kawaida cha samaki kilichosagwa kati ya vidole hadi kiwe vumbi. Huyo hana shida. Mtoto wa tetra au beta hawezi. Mdomo wake ni mdogo mno, tena macho yake yanafuata kitu kinachotembea, na vumbi lililotulia juu ya maji kwake si chakula. Anahitaji viumbe hai vidogo vinavyoitwa kwa jumla infusoria, yaani paramesia na wenzao. Wamo tayari kwenye tangi la zamani lenye mimea, ndiyo sababu baadhi ya vifaranga hujikuza wenyewe. Kuwaongeza, chukua chupa ya maji ya tangi, weka kipande cha jani la mboga au ganda la ndizi, acha mdomo wazi mahali penye mwanga usio mkali. Maji yatakuwa kama maziwa, yatanuka kidogo, kisha baada ya siku chache yataanza kung'aa. Yakianza kung'aa na ukaona vumbi linalotembea dhidi ya mwanga, hao ndio. Mpe kifaranga matone machache mara kadhaa kwa siku, na ukwepe lile jani linalooza.

Chakula kinachofuata, na kwa wanaozaa hata tangu siku ya kwanza, ni artemia. Ni mnyama wa maji ya chumvi, jamaa wa mbali wa kamba, ambaye mayai yake hukaushwa na kudumu kwa miaka. Weka gramu 25 hadi 30 za chumvi katika lita 1 ya maji, joto la nyuzi 26 hadi 28, hewa ikipuliza kutoka chini bila kukoma, na ndani ya saa 24 hadi 36 utaona wingu la rangi ya machungwa. Zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda huelea, mayai yaliyokataa huzama, na watoto wa artemia hukusanyika upande wenye mwanga. Wafyonze hapo hapo, uwasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, umpe kifaranga. Usipuuze kazi ya kutenganisha maganda, kwa kuwa yakimezwa yanaweza kumziba utumbo. Na umpe mapema: kila saa inayopita baada ya kuanguliwa artemia wanatumia akiba yao ya mafuta, na wakiingia kwenye maji baridi yasiyo na chumvi huishi saa chache tu.

Uzuri wa artemia ni kwamba unaona matokeo kwa macho. Kifaranga aliyeshiba ana tumbo la rangi ya machungwa, la mviringo. Tumbo likiwa bapa au limeingia ndani, hajala, hata kama chakula kimetapakaa pande zote. Mimi nautazama huo mviringo zaidi ya kitu kingine chochote.

Kuhusu kiini cha yai la kuku lililochemshwa, ambacho kila mzee wa samaki atakushauri: kinafaa, kimelea vizazi vya samaki, na ndicho chakula kinachochafua maji haraka kuliko vyote ninavyovijua. Kikitumika, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno kilichokorogwa kwenye maji kinatosha kwa kundi zima. Kwa mtoto mmoja ni nusu ya hapo, na maji yabadilishwe siku hiyohiyo.

Kuna na wakati wa kutolisha. Aliyebeba mfuko wa kiini hali, hata ungemwekea nini. Danio katika maji ya nyuzi 28 huanguliwa kati ya siku ya 2 na ya 3 tangu yai kutagwa, lakini huanza kuwinda karibu na siku ya 5. Chakula kinachotiwa kabla ya hapo ni uchafu mtupu. Upande wa pili, dirisha hilo likishafunguka halikai wazi muda mrefu. Kiini kikiisha na asipate kitu cha kula, hudhoofika hadi kufikia hatua ambapo hata akizungukwa na chakula hana nguvu ya kukishika. Kwa hiyo chupa ya infusoria ianze siku unapoona mayai; ukingoja aogelee utakuwa umechelewa.

Sasa maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote, na chakula kinachooza hutoa nyingine. Kwenye tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Bakteria hao hukaa kwenye sifongo, mawe na majani. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Hivyo "nimetumia maji ya tangi la zamani" peke yake haitoshi: bila sifongo la zamani umehamisha maji na kuwaacha wafanyakazi. Kuwapata upya huchukua wiki kadhaa, nao mtoto hana wiki za kungoja.

Kipimo cha amonia nacho hudanganya usipojua pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Amonia huwa na sura mbili majini, moja yenye sumu kali na nyingine iliyo hafifu, na hubadilishana kufuatana na pH na joto. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, ile kali haifiki asilimia 1 ya jumla. pH ikiwa 8, inapita kidogo asilimia 5. Kipimo kilekile, sumu karibu mara kumi. Mwenye maji ya pH ya juu hana nafasi ya kusema "ni amonia kidogo tu".

Basi fyonza mabaki chini kila siku kwa mpira mwembamba wa hewa, ukiwa umeufunga kitambaa laini mdomoni ukiogopa kumvuta kifaranga mwenyewe, na ubadilishe asilimia 10 hadi 20 ya maji. Maji mapya yawe na joto sawa na yaingie kwa matone au mkondo mwembamba. Kama una tangi kubwa lenye afya, maji mapya ya mtoto yatoe humo, na maji ya bomba yaende kwenye tangi kubwa. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyaanika usiku mmoja kwenye ndoo huondoa klorini ya kawaida, lakini mitambo mingine ya maji hutumia kloramini, nayo haiondoki kwa kuanikwa. Konokono mmoja mdogo humo ndani husaidia kufagia mabaki. Naye huchafua, kwa hiyo awe mmoja.

Jambo dogo linalosahaulika: uso wa maji. Vifaranga wengi, danio wakiwemo, hupanda juu siku zao za mwanzo kumeza hewa ya kwanza ya kujaza kibofu cha kuelea. Kukiwa na utando wa mafuta juu, hawaipati, na hukua wakiburura tumbo chini maisha yao yote. Tandaza karatasi laini isiyo na wino juu ya maji na uiondoe. Utando huondoka nayo. Kwa beta na gurami, ambao baada ya wiki chache huanza kupumua hewa ya juu kwa kiungo maalumu kilicho karibu na matamvua, funika tangi ili hewa hiyo iwe na joto na unyevu.

Anakua, au hakui

Utaambiwa kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi, kana kwamba ana tape ya kupimia. Kinachotokea ni kwamba kwenye maji machache uchafu hujikusanya, chakula hupungua na samaki hudumaa. Anayedumaa hivyo hana afya, hata akionekana amejitosheleza. Ukiona wiki mbili zimepita na hajaongezeka, kabla ya kubadilisha chakula pima maji.

Mtoto wa gapi aliyelishwa vizuri hufika sentimita 1.5 hadi 2 kwenye wiki ya 6 hadi ya 8. Wakati huo unaweza pia kuanza kumjua: kwa dume, pezi la chini nyuma ya tumbo huchongoka na kuwa kama kijiti; kwa jike hubaki kama pembetatu. Ukiona plati mwenye dalili ya mkia wa upanga, usishangae sana, kwani plati na mkia-upanga huzaliana wakikaa pamoja.

Kipimo cha kumrudisha kwa wakubwa si umri. Mtazame samaki mwenye mdomo mkubwa kuliko wote kwenye tangi, kisha jiulize kama mtoto huyu anaenea humo. Akienea, bado. Asipoenea hata kwa ubavu, walishe wakubwa kwanza mpaka wapoteze hamu, punguza mwanga, mwachie karibu na mimea. Usiku wa kwanza atajificha. Kama ni tetra, danio au koridora, asikae peke yake kwa muda mrefu zaidi ya lazima, kwa sababu samaki wa kundi hukua na woga asipokuwa na wa kumfuata.

Iwapo humtaki au tangi halitoshi, mpe mfugaji mwingine au mrudishe dukani. Mtoni au ziwani, hapana. Gapi mwenyewe ni mfano: asili yake ni kaskazini mashariki mwa Amerika Kusini na visiwa vya jirani, Trinidad kikiwemo, alikokusanya vielelezo Robert John Lechmere Guppy ambaye jina lake ndilo tunalotumia hadi leo. Watu walimsambaza duniani kote wakitumaini atamaliza viluwiluwi vya mbu, na leo anaishi kwenye mito ya mabara mengi akigombania chakula na samaki wenyeji.

Na kama mtoto wako ni gapi wa kike, kuna hesabu moja ya kufanya kabla ya kumwachia. Anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 2 au 3, na madume wa tangi kubwa hawatasubiri azoee mazingira. Kile kisanduku cha matundu kioshe, kikaushe, ukiweke pale unapoweza kukifikia.